Magnum ya Komeo: Kaliba, Risasi na Bega la Mpigaji

Mtu anayetafuta bunduki yake ya kwanza ya magnum karibu kila mara huanza na swali la umbali: itafika wapi? Si ajabu aulize hivyo. Maboksi ya risasi yamechapishwa majedwali ya kasi, watengenezaji hushindana kwa mita, na picha za matangazo huonyesha mwindaji amelala juu ya mwamba akilenga bonde zima. Lakini anayejiandaa kuwinda wanyama wakubwa katika vitalu vya Tanzania, awe mgeni wa uwindaji wa kitalii au mkazi mwenye leseni yake, anapaswa kutanguliza maswali mengine mawili. Risasi ikifika, itafanya kazi gani ndani ya mwili wa mnyama? Na aliyeifyatua ana uwezo wa kuipeleka mahali pale akiwa amechoka, anahema, jua limempiga tangu asubuhi?

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayowapotosha wengi. Risasi ya .30-06, iliyoingia katika jeshi la Marekani mwaka 1906, husukuma kichwa cha greni 180, yaani gramu 11.7, kwa kasi ya takribani mita 820 kwa sekunde. Ile ya .300 Winchester Magnum, iliyotoka mwaka 1963, husukuma kichwa cha uzito huo huo kwa takribani mita 900. Ukizipima bunduki zote mbili zipige katikati kwa mita 200, kwenye mita 300 ya kwanza itakuwa imeshuka kama sentimeta 25 na ya pili kama sentimeta 20. Kwenye mita 400 tofauti yao inafika sentimeta 13 hivi. Magnum imesaidia, hilo halina ubishi, lakini imesaidia kwa kiasi ambacho mpigaji wa kawaida hawezi hata kukiona kwenye shabaha yake mwenyewe, maana mkono wake juu ya magongo ya kulengea unayumba zaidi ya hapo.

Kushuka kwa risasi si tatizo kubwa siku hizi. Kipima umbali cha leza kinakwambia mnyama yuko mita ngapi, nawe unazungusha kitufe cha darubini au unatumia alama za ndani, basi. Tatizo ni upepo. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa, ambao mtu akiwa kambini angeuita wa kupunga tu, huisukuma risasi hiyo ya .300 karibu sentimeta 30 kando ifikapo mita 400. Eneo la moyo na mapafu la swala granti halizidi sana sentimeta 20. Kwa hiyo aliyekosea kuusoma upepo hapigi moyo wala hapigi hewa: anapiga tumbo au paja. Na leza haipimi upepo ulioko katikati ya njia, pale kwenye korongo kavu ambako nyasi zinalala upande mwingine kabisa. Tena kwa masafa hayo risasi hukaa angani nusu sekunde. Mnyama anayekula majani hupiga hatua moja ndani ya muda huo bila sababu yoyote ya kuogopa.

Swali la umbali linategemea pia unawinda wapi. Milima ya magharibi mwa Marekani, ambako wapiti, aina ya kulungu mkubwa, husimama upande wa pili wa bonde na hakuna njia ya kumsogelea kabla ya giza, ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya fikra za magnum za masafa marefu. Fikra hizo zina haki yake huko. Kwetu hali ni nyingine. Katika miombo ya Rungwa au Moyowosi, au katika pori la Selous kusini mwa eneo lililofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, macho hayapiti mbali: palahala, korongo na tandala mkubwa hupigwa mara nyingi ndani ya mita 150, na mbogo ndani ya mita 100, pengine 50. Nchi iliyo wazi ipo, nayo ni Umasaini: Longido, tambarare za kuelekea Natron, Simanjiro. Huko choroa anakuona kabla hujamwona, swala twiga anachungulia juu ya kichaka akiwa tayari ameamua kuondoka, na pofu dume mwenye kilo zaidi ya 800 anatembea kwa mwendo ule wa taratibu unaoonekana si mwendo mpaka ujaribu kumfuata kwa miguu. Hapo mita 250 au 300 ni risasi halali ya mwindaji aliyefanya mazoezi. Bunduki ya Mtanzania au ya mgeni wa Tanzania inatakiwa iwe tayari kwa yote mawili, wakati mwingine ndani ya asubuhi moja, na kwangu hili ndilo jambo la msingi kuliko yote katika kuchagua.

Ndiyo maana kaliba iliyozaliwa London mwaka 1912 bado inasimama. .375 H&H Magnum ya Holland & Holland husukuma kichwa cha greni 300, gramu 19.4, kwa takribani mita 770 kwa sekunde. Haiendi kasi kwa vipimo vya leo. Lakini ukiipima kwa mita 200, kwenye mita 300 inashuka kama sentimeta 35 tu, jambo linalomshangaza kila anayedhani kaliba nene ni ya vichakani pekee. Ganda lake ni refu, limechongoka polepole kutoka kitako hadi shingo. Wahandisi wa zamani walilibuni hivyo kwa sababu ya kordaiti, baruti ya Kiingereza ambayo joto la India na Afrika liliipandisha shinikizo. Ganda lililochongoka hung'oka kwa urahisi kwenye chemba hata pale joto linapozidi, na huteleza vizuri kutoka kwenye magazini. Mkanda ule wa shaba kwenye kitako chake uliwekwa ili ganda likae mahali sahihi ndani ya chemba, kwa kuwa bega lake lina mteremko mdogo mno wa kulishikilia. Baadaye mkanda huo ukawa alama ya biashara: Winchester waliubakiza katika .458 ya mwaka 1956, .338 ya mwaka 1958 na .300 ya mwaka 1963, na Remington katika 7 mm yao ya mwaka 1962, ingawa maganda yenye bega la kutosha hayakuuhitaji tena. Anayekwambia ununue bunduki kwa sababu ya mkanda, au uikimbie kwa sababu ya mkanda, anakupotezea muda.

Winchester walikuwa na sababu ya kukata ganda la Holland likawa fupi. Risasi nzima ya .375 ina urefu wa kama milimita 91, nayo hudai mtambo mrefu, mzito, wa bei ya juu. Zile za Winchester zilitoshea katika mtambo wa kawaida wa .30-06, na kwa hiyo mkulima wa Montana aliweza kununua magnum kwa bei ya bunduki ya kawaida. Kwa mwindaji, urefu wa mtambo una maana moja zaidi ambayo haiandikwi kwenye boksi. Komeo la .375 lazima livutwe hadi mwisho kabisa. Mtu mwenye hofu, mbogo akiwa mbele yake, hulivuta nusu, akalirudisha mbele, akasikia mlio wa pini ndani ya chemba tupu. Dawa yake ni mazoezi ya kupakia na kutoa ukiwa umesimama, bunduki ikiwa begani, usiishushe hata mara moja.

Tukitoka kwenye kaliba tuingie kwenye mtambo wenyewe, na hapa ninashikilia msimamo bila kuyumba. Mauser ya mwaka 1898 ilikuwa na ukucha mrefu wa chuma ubavuni mwa komeo, unaoidaka risasi mara tu inapochomoka kwenye magazini na kuishika mpaka ganda litolewe nje. Katika mitambo mingi ya kisasa komeo huisukuma tu risasi mbele, na ukucha mdogo huidaka mwishoni inapoingia chembani. Kwenye uwanja wa shabaha huoni tofauti. Pengine ile ya kisasa inapiga kwa ufasaha zaidi. Tofauti inaonekana mpigaji anapotaharuki. Akisukuma risasi nusu njia kisha akavuta komeo nyuma, mtambo wa kusukuma unaiacha risasi ya kwanza imelala mdomoni mwa chemba na kuleta ya pili nyuma yake. Zinabanana, na bunduki inakuwa rungu. Ukucha wa Mauser huirudisha ile ya kwanza nje. Winchester waliuacha mtindo huo katika Model 70 yao mwaka 1964 ili kupunguza gharama, wawindaji wakalalamika kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1990 kampuni ikaurudisha. Kwa mbogo, simba au kiboko, ukucha mrefu ndio ninaoupendekeza. Kwa choroa wa mita 250, chukua mtambo wowote ulio imara.

Kizuizi cha usalama nacho kiangaliwe. Kizuri ni kile kinachofunga pini ya kufyatulia yenyewe, kwa sababu bunduki zetu husafiri kwenye gari linaloruka mashimo na mikononi mwa watu wanaopita miiba. Kinachofunga triga peke yake hakitoshi.

Sasa risasi, na maana yangu ni kile kichwa kinachoingia mwilini. Wanunuzi wengi hutumia miezi wakichagua bunduki na dakika tano wakichagua risasi, ilhali mnyama haguswi na bunduki. Kichwa laini cha kawaida, chenye risasi nyeusi ndani na ngozi nyembamba ya shaba, kikitoka kwenye magnum na kumkuta mnyama mzito kwa mita 40 kinaweza kupasuka vipande kwenye mfupa wa bega kabla ya kufika mapafu. Kasi ile ile uliyoinunua kwa ajili ya mita 400 ndiyo inayokiharibu karibu. Tatizo hili lilimkuta John Nosler akiwinda Kanada katika miaka ya 1940. Jibu lake, lililoingia sokoni mwaka 1948, lilikuwa kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: sehemu ya mbele inafunguka, ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kupenya. Tangu hapo wamekuja wenye kuunganisha ngozi na kiini kwa joto, na wenye kutengeneza kichwa chote kwa shaba tupu. Hivi vya shaba tupu hupenya vizuri mno, lakini vina sharti lake: vingi huhitaji kasi ya takribani mita 550 hadi 600 kwa sekunde vinapofika ili vifunguke. Chini ya hapo hutoboa tundu jembamba na kupita, mnyama akakimbia kilomita kadhaa kabla ya kuanguka mahali ambapo hakuna damu ya kufuata. Hapo ndipo ulipo mpaka wa kweli wa masafa ya magnum: pale kasi inaposhuka chini ya kiwango cha kichwa ulichopakia. Mpaka huo huja mapema kuliko mpaka wa majedwali.

Kuna jina ambalo halikosi kutajwa mjadala huu ukianza: Walter Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita, na kuua zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa kaliba ndogo ya 7 mm ya Mauser ambayo kampuni ya bunduki ya Rigby iliiita .275. Wapinzani wa magnum humtumia kama ushahidi kwamba kaliba kubwa ni majivuno. Wanasahau nusu ya habari. Bell alitumia vichwa vigumu visivyofunguka, alichunguza kwa bidii ubongo wa tembo umekaa wapi ndani ya fuvu, na alisogea karibu mno. Alikuwa bingwa aliyeifanya kazi hiyo kila siku. Mtu anayewinda siku chache kwa mwaka hawezi kuazima kaliba ya Bell bila kuazima na macho yake. Ndiyo maana kanuni za Tanzania zimeweka .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari, na ni kanuni ya busara.

Upande wa pili wa nguvu ni teke. .375 yenye uzito wa kawaida hupiga bega karibu mara mbili ya .30-06, na .300 Winchester Magnum inakaa katikati yao. Bega huzoea. Jicho ndilo lisilosamehe: mpigaji akishaumizwa huanza kufumba macho na kuvuta triga kwa nguvu kabla bunduki haijafyatuka, na mdomo wa mtutu hushuka au kwenda kando. Hajui kwamba anafanya hivyo. Unamgundua kwa kumpakilia ganda tupu bila kumwambia: bunduki haitoi mlio, lakini mtutu unaruka chini kama umepigwa ngumi. Mtu wa namna hiyo akiwa na .30-06 anayoimudu ni mwindaji bora kwa choroa na kongoni kuliko akiwa na magnum anayoiogopa, na mwindaji bingwa anayemwongoza anapaswa kumwambia hivyo waziwazi.

Teke linapunguzwa kwa uzito. Bunduki ya .375 iwe kama kilo 4 hadi 4.5 pamoja na darubini. Bunduki nyepesi za nyuzi za kaboni zinavutia dukani na kuumiza begani. Kitako kiwe na mpira mzuri na urefu unaolingana na mkono wa mpigaji, jambo ambalo fundi hulirekebisha kwa saa chache na ambalo hushinda maboresho mengi ya gharama. Kuna na kile kifaa chenye matundu kinachofungwa mdomoni mwa mtutu ili gesi ipulizwe pembeni. Kinapunguza teke kweli, tena sana. Lakini gesi hiyo na mshindo wake huelekea kando na nyuma, na kando na nyuma amesimama traka anayefuata nyayo, amesimama mwindaji bingwa, amesimama askari wanyamapori, wote bila kinga ya masikio kwa sababu wanasikiliza pori. Mwindaji huvaa vizibo vyake, wao hubaki na mlio masikioni siku nzima, msimu baada ya msimu. Kwa maoni yangu kifaa hicho kitumike kwenye uwanja wa shabaha na kifunguliwe kabla ya kuingia porini. Hakuna mnyama anayestahili kulipiwa kwa masikio ya traka.

Darubini nitaipitia haraka. Ya kukuza mara 2 hadi 10 inatosha kwa kila kitu nilichotaja, ikae umbali wa sentimeta 9 au zaidi kutoka kwenye jicho la sivyo itachana nyusi, na unapotembea iwe daima kwenye namba ya chini. Anayekutana na mbogo darubini ikiwa imekuza mara 10 ataona ngozi nyeusi tupu asijue analenga bega au ubavu.

Halafu ipimwe hapa hapa. Alasiri ya kwanza kambini karatasi hupigiliwa kwenye boksi, boksi huegemezwa kwenye kichuguu kikubwa, na mgeni hupiga kwa mita 100 akiwa ametulia, kisha akiwa juu ya magongo matatu. Wapo wanaoona ni kupoteza muda kwa sababu bunduki ilipigwa vizuri huko Ulaya wiki iliyopita. Lakini Ulaya ilikuwa nyuzijoto 5 na hapa ni 33. Baruti nyingine hubadilika na joto na kasi hubadilika nayo. Safari ya ndege nayo haiulizi kama darubini imekazwa. Mwindaji bingwa makini hatazami karatasi peke yake katika zoezi hilo. Anatazama kidole kwenye triga, anatazama kama mtu analivuta komeo bila kushusha bunduki, na traka aliyekaa pembeni ya gari, kimya, naye anatazama. Jioni hiyo hiyo wawili hao hukubaliana bila maneno mengi mgeni huyu atasogezwa hadi mita ngapi. Mara nyingi huwa 150, haijalishi kaliba imeandikwaje kwenye mtutu.

Wana sababu nzito. Sheria inakataza kumpiga mnyama kutoka ndani ya gari, na aliyejeruhiwa akapotea analipiwa kama aliyeuawa. Lakini hilo ni suala la fedha. Suala kubwa zaidi ni kwamba mbogo aliyepigwa tumboni kutoka mbali huingia kichakani, hugeuka na kusubiri kando ya nyayo zake mwenyewe. Anayetangulia kuzifuata nyayo hizo ni traka, macho yakiwa chini kwenye tone la damu, akiwa na fimbo. Aliyechagua kupiga kwa umbali usiomfaa yuko nyuma yake, na mara nyingine ameambiwa abaki kwenye gari. Nikifikiria hilo, siwezi kuuita umbali mrefu ustadi. Kumsogelea mnyama kwa mita mia nyingine, ukiwa umejua upepo unavuma kutoka wapi, ndiko kunakoonyesha mwindaji.

Kwa hiyo, kwa anayetaka jibu la kununulia. Ukiwa na nafasi ya bunduki moja tu, chukua .375 H&H yenye ukucha wa Mauser, mtutu wa sentimeta 61, darubini ya kukuza kidogo, risasi za greni 300 zinazobaki nzima kwa ajili ya pofu, palahala na mbogo, pamoja na chache ngumu. Kwa nchi wazi ina uwezo wa mita 250 bila shida. Ukiweza kuwa na mbili, ongeza .300 Winchester Magnum ya mtutu wa sentimeta 61 hadi 66 na kichwa kigumu kiasi cha greni 180, nayo itakubeba Umasaini hadi mita 300. 7 mm ya Remington inafanya karibu kazi ile ile kwa teke dogo zaidi, na kwa mpigaji mwenye umbo jembamba ningeitanguliza. Kaliba mpya za kasi kubwa zinazotoka kila mwaka zina ubora wake, hasa kwa vichwa virefu vinavyokata upepo, lakini zinadai mtutu wenye michirizi inayozunguka kwa kasi zaidi, nao huchakaa mapema. Na begi la risasi likipotea uwanja wa ndege, hutazipata Arusha. Za .300 na .375 kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu kambini atakuwa na boksi.

Fedha itakayobaki isiende kwenye darubini kubwa zaidi. Inunue risasi za mazoezi, na mazoezi yenyewe yafanyike ukiwa umesimama, juu ya magongo, ukitoka kukimbia mita 50 kabla ya kila risasi, mpaka uijue ile mita ambayo baada yake risasi zako zinaanza kutoka nje ya sahani ya chakula. Mita hiyo iandike kwa kalamu kwenye kitako cha bunduki, na siku ya kwanza kambini mwonyeshe mwindaji bingwa wako.